Maana ya "kufa kupona" kama nilivyoijulia kwenye majani ya chai, upande wa Litein

Wakuu wa jukwaa hili, chamgei. Nawasalimu wote, wenye heshima na wasio nayo.

Mimi ni mwanamke mzee wa upande wa Litein, kwenye mteremko unaotazamana na Mogogosiek. Sikwenda shule hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu Chebet. Mimi nasema, yeye anaandika, kisha ananisomea.

Nimemwonya kwamba nikisikia neno ambalo sikulitamka, simu yake itakaa kwangu hadi Jumapili. Kwa hiyo haya mtakayosoma niliyaona kwa macho yangu mwenyewe.

Juzi alinisomea uzi wenu mmoja. Mtu ameuliza "kufa kupona" maana yake ni nini, na maneno hayo yalitoka wapi. Mmoja amejibu kwamba ni ya mpira. Mwingine amesema ni ya siasa. Wa tatu ameandika kwamba ni kutumia nguvu zako zote kwa mara ya mwisho. Waliobaki wamecheka tu, na Chebet ananiambia kwamba siku hizi hata kicheko huandikwa.

Huyo wa tatu amekaribia, lakini hajafika.

Sitawadanganya kwamba namjua mtu wa kwanza kuyatamka maneno hayo. Lugha ya Kiswahili niliikuta ikitembea, kama nanyi mlivyoikuta. Ninachojua ni siku yaliponiingia mimi, na aliyenieleza, na kilichotokea baada ya hapo.

Ilikuwa miaka ya sitini ikielekea kwisha.

Mume wangu alipanda chai wakati ilipoanza kuenea kwa watu wadogo kama sisi. Kabla ya hapo chai ilikuwa ya mashamba makubwa ya wazungu, upande wa Kericho. Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe, wimbi na mahindi. Yeye akapanda kuanzia karibu na mlango hadi chini kwenye kijito. Kisha kifua kikamshika, akatutoka, miche ikiwa bado inafika magotini.

Chai haichumwi mwaka ule unapoipanda. Unapalilia, unapogoa, unangoja, na jirani anakuuliza unangoja nini.

Ardhi ikabaki chini ya uangalizi wa kaka yake marehemu, Arap Tuwei. Sikilizeni vizuri hapa: hakuwa mtu mbaya. Msianze kumtukana huko chini kabla sijamaliza. Alikuwa mtu wa ng'ombe, basi. Alipoitazama chai yangu aliona vichaka visivyoliwa na mnyama yeyote vimekalia malisho ya baba yake.

Kila alipopita alisimama.

"Bot Kiprono," angeniita, maana mimi ni mama yake Kiprono, "hivi vichaka vyako vitaanza kutoa maziwa lini?"

"Vikianza nitakuita, uje na kibuyu."

"Nitakuja na kile kidogo."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, bila ugomvi na bila amani, mpaka chai ikafika wakati wa kuchumwa.

Sasa nitawaeleza kosa ambalo mtu aliyezaliwa kwenye chai hawezi kulifanya. Sisi tulizaliwa kwenye mahindi. Gunia la mahindi unalijaza, unalitikisa, unalikanyaga, unaongeza tena, mpaka mdomo wake unashonwa kwa taabu. Mwanamke aliyeonekana na gunia lililolegea alisemwa kwamba kwake hakuna chakula.

Basi tulipopewa vikapu vya majani, mikono yetu ilifanya kile inachokijua. Tulishindilia. Wengine walitumia ngumi, wengine waliingiza goti.

Lakini jani la chai likishachumwa bado linapumua. Ukilibana linashika joto, na likishika joto linageuka jekundu kama limepikwa. Kiwandani halifai tena.

Tuliambiwa. Siwezi kusema kwamba hatukuambiwa. Mkaguzi wa majani, kijana mwembamba mwenye koti la mvua, alisimama mbele yetu akatuonyesha kwa mikono: jaza nusu, acha hewa ipite, njoo mara mbili. Tulimsikiliza kwa heshima yote. Kisha tukarudi nyumbani tukashindilia.

Nani angekubali kuonekana barabarani na kikapu nusu, kama mvivu aliyelala kutwa?

Kituo chetu cha majani kilikuwa paa la mabati juu ya nguzo, na mizani ikining'inia katikati. Siku za lori tulipanga vikapu mstari. Mkaguzi alikunja mkono wa shati, akauzamisha ndani ya kikapu hadi kwenye kiwiko, akatulia kidogo kama daktari. Hukungoja aseme. Uliona usoni mwake kama majani ni baridi au ni moto.

Yetu yalikuwa moto. Siku ya kwanza moto, siku ya pili moto, na zilizofuata vilevile. Yalimwagwa nyuma ya kituo, rundo juu ya rundo. Mbuzi walikuja, wakanusa, wakaenda zao.

Arap Tuwei aliwaona wale mbuzi. Alilizungumzia jambo hilo kwa muda mrefu sana, katika kila nyumba aliyokaribishwa maziwa.

Ndipo mkaguzi akatukusanya. Hakupaza sauti. Alisema lori halitaendelea kupanda kilima chetu kuja kubeba takataka. Siku ya lori inayofuata ingekuwa ya mwisho ya kututazama. Majani yakiwa moto tena, kituo kitafungwa, na kila mtu atapeleka majani yake kwenye kituo cha ng'ambo ya mto.

Anayeijua nchi yetu anaelewa hukumu hiyo. Ng'ambo ya mto ni kushuka bonde zima, kisha kupanda kilima cha pili, na mzigo mgongoni. Majani yangefika yameiva. Kufungwa kwa kituo kulikuwa ndio mwisho wa chai upande wetu, na yangu ingetangulia, kwa sababu wenzangu walikuwa na waume wa kuzitetea zao.

Jua lilikuwa halijazama Arap Tuwei alipofika kwangu na mkewe, Taplelei. Nilikuwa nimeketi nje nikichambua maharagwe na jirani yangu, Mama Wekesa.

Huyu Mama Wekesa alitoka kwa Waluhya. Yeye na mumewe, ambaye alikuwa fundi wa mbao, walikuwa wamefanya kazi kwenye yale mashamba makubwa kabla ya kuhamia kwetu. Huko watu wa makabila mengi waliishi laini moja, yaani mstari mmoja wa nyumba za wafanyakazi, na Kiswahili ndicho kilichowapatanisha. Kiswahili changu mimi kilikuwa cha sokoni tu: bei gani, punguza, ondoka.

"Umesikia habari ya lori," Arap Tuwei akasema kabla hajaketi.

"Nimesikia."

"Ndugu yangu nilimheshimu. Nimengoja. Sasa hiyo kituo ikifungwa, naleta ng'ombe wa kulima na watu wa majembe. Tung'oe hivi visiki, nyasi irudi mahali yake."

"Na isipofungwa?"

Akamtazama mkewe. Mkewe akayatazama maharagwe.

"Isipofungwa, nanyamaza."

"Unanyamaza mwezi huu, ama unanyamaza?"

"Mwanamke! Nanyamaza ni nanyamaza!"

Hapo ndipo Mama Wekesa alipoinua kichwa. "Haya," akasema. "Basi hiyo sasa ni kufa kupona."

Nikamuuliza hayo ni maneno gani. Nayakumbuka maelezo yake, na nitayasema kama alivyoyasema.

"Kwetu mtu akishikwa na homa ile mbaya, siku za kwanza kila mtu ako na dawa yake. Huyu analeta mizizi. Yule anataka mgonjwa apelekwe kwa watu wengine. Shangazi ananuna kwa sababu hakuulizwa. Lakini homa iko na siku yake. Ikifika hiyo siku, watu wanawacha kelele. Mnafanya kitu moja, mnafanya vizuri, mnangoja. Atakufa ama atapona. Na ikishakuwa, hakuna wa kubishana na vile imekuwa."

Arap Tuwei akasema kwamba yeye alikuja kuzungumza habari ya shamba, si habari ya wagonjwa. Lakini nilimwona ameyasikia. Alipoondoka alitembea polepole kuliko alivyokuja.

Wakuu, kama mnatafuta maana, ndiyo hiyo. Mngeweza kuondoka sasa. Lakini kulisikia neno si kulijua, na mimi usiku ule nililielewa kama huyo wenu wa tatu. Nilidhani ni nguvu. Nilipanga kuamka kabla ya wote, nichume hadi pale ambapo sikuwahi kufika, nijaze mpaka kamba ya kikapu ilie.

Asubuhi nilimweleza Mama Wekesa mpango wangu. Alinitazama kama anayemtazama mtoto.

"Wewe unataka kumpa mgonjwa dawa yote pamoja."

Sikupenda kuambiwa hivyo. Nilirudi kwangu nikiwa na hasira, nikaanza kupalilia mahali ambapo hapakuwa na magugu. Na katika kupalilia huko nikaona jambo lenyewe. Nguvu ndiyo iliyokuwa ikituharibia tangu mwanzo. Hatukukataliwa kwa uvivu; tulikataliwa kwa bidii. Kitu kimoja tu kilitakiwa, nacho ni mkono mwepesi, na hicho ndicho kilichokuwa kigumu kwetu kuliko kuchuma kutwa nzima kwenye mvua.

Nikaenda kijitoni, ambako wanawake walikuwa wakiteka maji. Nikawaambia siku ya lori tutatembea na vikapu nusu, mara mbili, wote.

Walicheka hadi mmoja akaweka mtungi chini.

"Bot Kiprono, tutaonekana kama watu wamefukuzwa kwa bwana na hawakupewa kitu!"

"Onekaneni. Kituo kikifungwa, hamtaonekana kabisa."

Wakajitwika mitungi yao. Sijui hata leo kama walikubali pale au walichoka kubishana nami. Watu huchoka kubishana nami. Chebet anaweza kushuhudia.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Tulichuma majani mawili na chipukizi, tukayaacha kwenye vikapu yakiwa yamelegea, tukayaweka kivulini. Kisha mvua ikanyesha, mvua yetu ile inayokuja bila kubisha hodi, na barabara ikageuka uji.

Tukangoja kituoni. Badala ya lori akaja tanboi wake, yule kijana wa kupakia mizigo, anatembea kwa miguu, matope hadi magotini.

"Lori haiwezi kupanda," akasema. "Imebaki chini kwa daraja. Mkaguzi amesema mlete majani huko, na haraka, kwa sababu ikinyesha tena hata kurudi hatarudi."

Neno "haraka" ndilo lililotaka kutuua.

Mnajua kilichotokea. Watu walitazama mteremko, wakatazama vikapu vyao nusu, wakahesabu safari mbili za matope, na mikono ikakumbuka mahindi. Huyu akamimina kikapu chake ndani ya cha mwenzake. Yule akaanza kubana kwa ngumi. Nilipiga kelele, lakini kelele yangu ilikuwa moja, na hofu ilikuwa ya wote.

Ndipo tukamwona Arap Tuwei amesimama katikati ya barabara, mahali inapopinda kuteremka, fimbo yake ya ng'ombe ikiwa imelala mbele yake kama lango.

Nilidhani amekuja kutazama mwisho wangu.

Mwanamke wa kwanza alipofika, Arap Tuwei alishusha mkono ndani ya kikapu cha mama huyo. Hakuwa amewahi kuligusa jani la chai maishani mwake, ila alikuwa amemtazama yule mkaguzi akifanya kazi mara nyingi, yeye akiwa huko nyuma ya kituo anawasubiri mbuzi.

"Wewe mama, hiki kikapu ni cha majani ama unahama?"

"Shemeji, niache, lori inaondoka!"

"Iondoke na majani. Isiondoke na ugali. Punguza!"

Akampunguzia mwenyewe, akayamwaga juu ya majani mapana ya mgomba, akamwambia apite na arudi kwa mengine. Wa pili akapunguziwa. Wa tatu akapunguza mwenyewe kabla hajafika. Aliyejaribu kupita pembeni alisikia fimbo ikigonga ardhi.

Nilipofika mimi alizamisha mkono, akangoja, akautoa.

"Pita."

"Kwa nini unafanya hivi?" nikamuuliza.

"Sitaki kesho mseme Tuwei alikaa kwake akiomba yaoze," akasema. "Kama ni kushinda, nishinde mchana, watu wakiona. Pita, Bot Kiprono, unazuia njia."

Tuliteremka, tukapanda, tukateremka tena. Wanaume ambao hawakuwahi kubeba kikapu cha kamba ya kichwa walivibeba siku ile, wamevikumbatia mbele kama mtoto wa mtu mwingine. Hakuna aliyecheka vikapu nusu. Hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuchekea.

Kule darajani mkaguzi alikuwa amekunja mkono wa shati. Alianza na cha kwanza. Akatulia. Akasogea cha pili. Alienda hivyo, kikapu baada ya kikapu, sisi tukiwa tumesimama kwenye nyasi zilizoloa tukiutazama mkono wake tu, namna ya kuingia na namna ya kutoka.

Karibu na mwisho wa mstari alisimama. Akautoa mkono. Akaurudisha tena.

"Hiki ni cha nani?"

Kilikuwa moto. Kilikuwa cha Taplelei, mke wa Arap Tuwei. Alikuja kunisaidia bila kusema, akachuma sehemu yangu ya chini, na alipopita lango la mumewe akakificha kikapu cha kwanza nyuma ya mti, akarudi kwa cha pili, akakusanya viwili kuwa kimoja.

Arap Tuwei alikuwa ameshuka nyuma yetu. Uso wake sitausahau.

"Nilikupitisha mimi mwenyewe!"

"Ulikuwa unaangalia wa wengine," Taplelei akamjibu. "Mgongo yangu inaniuma. Nilitaka safari moja."

Mkaguzi alikimwaga kile kikapu kando ya barabara. Kilikuwa kimechumwa kwenye shamba langu, na hukumu ilikuwa bado haijasemwa.

Arap Tuwei angeweza kusema neno hapo. Neno moja, kwamba kikapu ni moto, na ilikuwa imesemwa majani yakiwa moto tena kituo kinafungwa. Mkaguzi alikuwa kijana. Angeweza kushawishiwa na mzee. Mimi nilimtazama, naye alijua kwamba ninamtazama.

Alitazama maji ya mto.

Mkaguzi akapitia vikapu vilivyobaki. Akanawa mkono kwenye dimbwi. Kisha akasema, "Kikapu kimoja si kituo. Pakieni. Siku ya lori mje kama kawaida."

Hatukupiga vigelegele. Wengine waliketi pale pale kwenye matope. Mama Wekesa alisema jambo kwa lugha yake, nadhani lilikuwa sala.

Arap Tuwei alinijia, fimbo kwapani.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Na mimi nimesikia."

Akaenda zake kupanda kilima, na Taplelei nyuma yake akimwambia kwamba mgongo bado unamuuma.

Mngependa niseme kwamba baadaye naye alipanda chai. Hakupanda. Alikufa akiwa mtu wa ng'ombe, na alikunywa chai yake akiwa amejaza maziwa hadi huwezi kuijua rangi.

Lakini miaka michache baadaye kulikuja kiangazi kibaya. Nyasi zilikauka hadi zikawa zinavunjika mguuni. Ng'ombe wake walibaki mifupa, wakapita kila asubuhi kando ya ua wangu kwenda kutafuta maji, nayo chai yangu ikiwa imesimama pale juu ya ile ardhi ya baba yake, ya kijani, isiyoliwa na mnyama.

Alisimama kila alipopita, kama zamani. Aliitazama. Kisha aliwapigia ng'ombe mluzi akaendelea.

Hakuuliza habari ya maziwa. Hakuuliza kitu. Nilimwona mtu akitimiza neno lake wakati linamuuma, na nikajua kwamba upande wa kufa, ule wa aliyeshindwa, nao huwa na mtu anayeukalia.

Siku moja nilimwita kabla hajapita. Nikamwambia apitishe ng'ombe kwenye mabua yangu ya mahindi kule chini, na nyasi za ukingo wa kijito, zote, hadi mvua irudi. Alikubali kwa kichwa. Ndama mmoja alikufa. Waliobaki walipona.

Basi, wakuu, mimi nimemaliza.

Nasikia kwenye redio mechi hii ni ya kufa kupona, na wiki ijayo kuna nyingine ya kufa kupona. Mwanasiasa anasema uchaguzi ni wa kufa kupona, akishindwa anaanza kubishana na hesabu. Hao hawajui wanachokisema. Neno hilo si la nguvu. Ni la kufanya kitu kimoja vizuri, mkono ukiwa mwepesi, kisha kukubali ilivyokuwa, hata kama aliyeshinda si wewe.

Mwenye kulijua kwa namna nyingine, ya kwao, aandike hapa chini, Chebet atanisomea. Aandike sentensi zilizokamilika. Na anayetaka kucheka, acheke kwa mdomo, huko aliko.